Saruji Isiyo na Paa

Gizani, ndani ya basi la alfajiri la kutoka Njombe kwenda Dar, mfuniko wa sufuria uligongagonga kapuni mwa Matilda, aliyempakata mwanawe. Akaukandamiza, apate kumsikia vizuri mzee wa Mlangali aliyekaa mbele yake.

"Mwanangu kaandika amemwaga saruji uwanja mzima, wanaume waje kushindania hela kwa mpira wa tenisi. Bila paa! Uongo wa mjini huo."

"Kweli, mzee wangu. Nimeuona uwanja huo," alijibu jirani yake wa kiti, mfanyabiashara.

"Saruji yote hiyo, na hawaaniki hata maharage?"

Hata Matilda alijiuliza.

"Si mwanao amekuita? Nenda ukaone."

"Mimi? Nashuka Makambako, nachukua mbolea, narudi."

Basi likasimama Makambako. Mfanyabiashara akainuka kumpisha mzee.

"Mama," alisema mwanawe Matilda, "babu hashuki."