Mama Sare na Neno Alilonyimwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Mtaani walimwita Mama Sare, kwa kuwa alishona sare za shule tangu wengi wetu hatujazaliwa. Alifariki Alhamisi asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka themanini na ushei. Amefariki bila kuombwa radhi. Narudia, wapendwa: bila kuombwa radhi.

Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Mteja akianza kuomba apunguziwe bei, Mama Sare aligeuza upande huo, akacheka: "Hili limekufa, mwanangu. Ongea na marehemu."

Lakini sikio lile halikufa lenyewe. Liliuawa.

Alikuwa mtoto wakati askari wa mkoloni walipochoma nyumba za kwao na kuwaswaga watu nyuma ya seng'enge ya kambi. Baba yake alikuwa seremala. Mkuu wa kambi akamwamuru atengeneze mti wa kunyongea watu. Seremala akakataa. Alisema mbao zake ni za vitanda na milango. Wakampiga mbele ya mkewe na mwanawe mpaka akanyamaza. Binti alipokimbia kumkumbatia, askari akamtandika kitako cha bunduki kichwani. Baba alikufa pale pale. Binti aliamka na sikio moja.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mama Sare alikua, akaolewa, akazaa, akashona. Kisha yeye na wenzake wanne wa kambi ile wakaishtaki serikali iliyowatawala. Mawakili wa upande wa pili wakajibu kwamba muda umepita. "Umepita kwao," alimwambia bintiye. "Mimi baba yangu yuko chini mpaka leo."

Ndipo akaletwa balozi wa serikali hiyo. Ukumbi ulijaa viti vya plastiki na maua ya kukodi. Balozi akasoma: serikali yake inasikitishwa na yaliyotokea, na itajenga barabara. Watu wakapiga makofi. Naam, wetu wenyewe, wakiongozwa na mheshimiwa wetu wa mstari wa mbele!

Mama Sare akasimama.

"Baba balozi, salamu yangu utaipata ukinijibu. Yaliyotokea? Mvua ndiyo hutokea. Baba yangu alipigwa. Aliyempiga alitumwa. Nani alimtuma?"

Mshereheshaji akamkimbilia. "Mama, kaa basi, mgeni ana safari."

"Nimekaa vya kutosha. Na barabara, hata wasiotupiga hutujengea. Mimi nataka aseme: tulimuua, tulikosa, tusameheni. Maneno matatu. Yanamkwama wapi?"

Balozi alikunja karatasi yake. Akatazama saa. Akaondoka. Na mheshimiwa wetu, badala ya kumzuia mgeni, alimgeukia mama huyu akamwambia ametia aibu nchi.

Aibu! Aliyeua hakuona aibu. Aliyepiga makofi hakuona aibu. Aibu akatwishwa mwenye msiba.

Bintiye anasema usiku ule mama hakula. "Nilimkuta anavua viatu polepole. Nikamwambia, pole mama. Akaniambia, 'Usinipe pole wewe. Wewe hukunikosea.'"

Tangu hapo kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara jaji mgonjwa, mara wakili hajafika kutoka ng'ambo. Wale wenzake wanne wakazikwa mmoja mmoja, naye akienda kila msiba na kila kikao cha mahakama. Mwaka huu alibaki peke yake kwenye benchi la walalamikaji. Alhamisi benchi likabaki tupu.

Nilimuuliza binti yake kama familia imechoka. Akaniangalia kama niliyetukana. "Kuchoka ndiko wanakokungoja," akasema. "Tarehe ikifika, nitakaa mimi. Nikifa, mwanangu."

Kwa binti huyo, kwa wajukuu, na kwa mafundi wenzake wa pale sokoni: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Wapo wengine waliopitia seng'enge ile, wazee sasa, miguu imevimba, macho yana ukungu. Wale wenye deni la maneno matatu wanajua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Hawana haraka. Wanangoja wazee waishe.

Wapendwa, tusiwasaidie kungoja.