Darasa la Vijana Nimempa Kimyakimya

Kaeni, wanangu. Kaeni wote watatu mnione na mimi niwaone, na wewe kitindamimba ilaze hiyo simu kifudifudi, maana mama yako anakufa mara moja tu, harudiwi kama taarifa ya habari. Daktari amesema nisizungumze sana. Nimemsikia. Lakini na ninyi nimewasikia tangu asubuhi mkinong'ona sebuleni kama watu walioficha kuku wa jirani, mkiulizana nani atalichukua darasa langu la vijana kanisani. Nitalisema leo, pumzi ningali nayo, msije mkanisingizia maneno nikishafukiwa.

Ya nyumba ni mafupi. Nyumba hii haiuzwi wala haigawanywi. Atakaa humu yeyote kati yenu atakayekosa pa kukaa, na wengine mtabisha hodi kama watu wenye adabu. Cherehani ni ya binti yangu wa kati, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuitia mafuta bila kuambiwa. Wewe kifungua mimba, chukua kabati la baba yako na makoti yake yaliyomo, na usiniangalie hivyo. Najua unachokitaka. Nitakifikia.

Miaka ishirini na sita nimewafundisha vijana wa kanisa letu namna ya kuwashirikisha wengine imani yao, na ukweli mtupu ni kwamba miaka ishirini na minne kati ya hiyo nilifundisha upuuzi. Niliwapanga kwenye mabenchi nikawakaririsha: salamu, swali la kwanza, swali la pili, mstari wa Biblia, sala, kwaheri. Nikawapima kwa saa ya ukutani. Aliyesahau alirudia mpaka machozi yakamtoka. Halafu kila Jumamosi nikawatuma mitaani wawili wawili, wakarudi na hesabu, nyumba kumi na nne mwalimu, nyumba ishirini mwalimu, nami nikavimba kichwa. Kumbe nilikuwa nafuga kasuku. Watu wakiyaona yale mashati meupe yanakuja walikuwa wanafunga madirisha, na mimi, badala ya kujiuliza, nikasema dunia imekuwa na moyo mgumu.

Sasa, fundi wa kuchomelea wa hapo ng'ambo mnamjua, na mnajua sikumsemesha kwa miaka tisa. Siku tuliyomuaga baba yenu, jeneza liko hapa uani, mchungaji amekwisha kufungua kitabu, yule bwana akawasha mashine yake ya kukatia vyuma, ikalia mpaka sala ya mwisho. Sikusikia neno hata moja la kumuaga mume wangu. Tangu siku ile nikipita mbele ya karakana yake nageuza uso kama napita jalalani. Na bado, oneni ujinga wa mtu mzima, kila mwaka nilimwandika kwenye orodha ya nyumba za kutembelewa, nikawatuma watoto wa watu wakamwambie kwamba Mungu anasamehe.

Miaka miwili iliyopita darasani mwangu alikuwamo binti wa mshona viatu, yule ambaye wenzake walimbandika jina la Kimyakimya. Miaka kumi na mitano, na hakariri kitu. Mara sita nilimsimamisha mbele, na mara sita alisimama akiviangalia vidole vyake vya miguu. Nikamwona mzigo. Jumamosi moja wenzake wakarudi kutoka kwa fundi na jibu moja tu, kwamba aliyewatuma aje mwenyewe. Darasa zima likacheka, ila yeye. Alinyoosha mkono, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge, akauliza bila ufedhuli wowote, "Mwalimu, mbona wewe huendi?"

Nikamfukuza. Ndiyo, mimi, mwalimu wa upendo wa Mungu. Nikamwambia darasa langu si mahali pa kuwavunjia heshima wakubwa. Akakusanya daftari na Biblia yake, akaniaga vizuri, akaenda. Nyani haoni kundule, wanangu, na akionyeshwa hukasirika.

Haukupita mwezi nikaanza kumwona akitoka kwenye karakana ya fundi, leo, keshokutwa, tena wiki ijayo. Niliyajua baadaye yaliyotokea. Moto wa kuchomelea ulikuwa umemla fundi macho, mke wake alikuwa ameshatangulia, na binti alipopeleka chuma cha baba yake cha kugongea viatu kikachomelewe, alimkuta mzee wa watu ameibandika barua ya hospitali dirishani, anahangaika kuisoma. Akamsomea. Akarudi kumsomea iliyofuata, akamchemshia maji ya kuoshea macho, na hakuna aliyemtuma.

Mimi niliona naibiwa mwanafunzi niliyemfukuza mwenyewe. Nikavuka barabara nikiwa nimejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Nikawakuta mlangoni, fundi kwenye kigoda na binti kwenye benchi, watu wanapita, naye anamsomea Injili, polepole, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuitoa kwake hata kwa vitisho. Fundi akamkatiza akamuuliza kama yeye mwenyewe anayaamini hayo. Nikangojea aseme mistari yangu. Hakuisema.

"Mama alipofariki niliogopa kulala peke yangu," alisema. "Nikawa naongea na Yesu mpaka usingizi unichukue. Hajaniacha. Mengine bado sijui, babu."

Basi. Hakukuwa na swali la pili. Mzee alijifuta yale macho mabovu, akamwomba arudie pale pa nyuma. Kisha akahisi kivuli changu akauliza ni nani. Nikajitaja.

Alisema, "Siku ile nilijua kuna msiba. Kazi ilikuwa ya mtu mkubwa, nikaogopa kumpoteza. Miaka tisa naona aibu, ndiyo maana sikuja."

Mimi niliyekwenda na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake, nikayaacha hapohapo mlangoni. Nikamwambia nimemsamehe, naye anisamehe kwa kumtumia watoto ilhali miguu ninayo. Nikamwomba radhi na yule binti, hapohapo mbele yake. Hilo la pili lilinishinda kidogo kumeza.

Msiniulize tena kama fundi ameokoka. Kuna Jumapili anakuja anakaa nyuma, kuna Jumapili haji. Hayo ni yake na Mungu wake. Wazazi nao wamenichosha, wanauliza mbona siku hizi watoto hawaleti hesabu ya nyumba. Hawaleti kwa sababu wapo kwa watu, wamekaa, wanasikiliza.

Nimefika kwako, kifungua mimba. Unalitaka darasa. Una ratiba, una ubao mpya, una vyeti vya mahudhurio. Lakini wewe na dada yako hamjasalimiana tangu mlipogombana kwenye ile harusi, mnakaa meza moja mnaombana chumvi kupitia kwa mdogo wenu, halafu unataka kufundisha watoto wa watu habari ya upatanisho! Nimeshaipita njia hiyo, mwanangu, haifiki. Darasa nimempa Kimyakimya. Ana miaka kumi na saba, najua. Mchungaji alikohoa sana nilipomwambia, lakini amekubali. Wewe utapanga mabenchi, utafungua madirisha, na utakaa pamoja na vijana ujifunze. Si adhabu. Ningekuwa sikupendi, ningekuachia ufundishe.

Ngoja nivute pumzi. Hapana, maji sitaki.

Mazikoni kwangu asisimamishwe mtoto kukariri. Asome Kimyakimya, achague mwenyewe, na sauti ikiwa ndogo, walio nyuma wasogee. Kijana asitumwe kwa mtu ambaye mkubwa anayemtuma... hawezi kumwendea. Na waambieni hivi, kila mwaka, wale wapya. Kabla hujampa mtu habari njema, muulize habari zake. Kisha ungoje... ungoje ajibu.

Nipeni mikono. Wako, kifungua mimba. Na wako, binti yangu. Sikusema mnishike mimi. Shikaneni. Mh. Hivyo hivyo, msiachiane upesi. Kitindamimba, na wewe ingiza wako.

Mungu wa baba yenu awabariki. Awalinde mkiingia... na mkitoka. Awape moyo wa... moyo laini. Aanze mtu mmoja kusema pole, asingoje... asingoje mwenzake.

Nimechoka sasa. Amina... isemeni ninyi.