Hatua Arobaini Hadi kwa Olive

Hebu jichoree akilini ubao wa chukudu kuukuu, ile skuta kubwa ya mbao ambayo vijana wetu hubebea viazi na makaa. Magurudumu yake yamekwisha, nao umelazwa juu ya mawe mawili meusi yaliyojileta yenyewe mtaani kwetu Majengo mwaka 2002, mlima wa volkano ulipotapika. Hapo ndipo kijiwe chetu. Mweke Mama Kasoki kwenye kigoda chake, termosi mbili za kahawa ya tangawizi miguuni. Waweke wanaume wanne ubaoni, mimi nikiwa wa mwisho, upande unaoyumba. Sasa hesabu hatua arobaini kupanda avenyu, uweke nyumba ya mbao yenye mlango wa bati wa rangi ya kijani. Mlango umefungwa. Usiuondoe machoni, maana sisi tuliutazama siku mbili nzima.

Ni nyumba ya Olive Kanyere. Nilimfundisha kusoma darasa la kwanza. Sasa ana miaka ishirini na minne, anaimba na wenzake watatu katika kikundi kinachoitwa Chini ya Lave, yaani ule moto wa mlima ukishaganda kuwa mawe. Muziki wao ni ule wanaouita hadikoo: gitare mbili zinazokoroma, ngoma inayokimbia, na Olive anayepaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama. Wimbo wao mrefu kuliko zote ni wa dakika mbili. Alhamisi, watu wawili wenye bunduki waliotumwa na wakubwa wapya wa mji walimkuta kwenye atelye ya mjomba wake ya kuchomelea vyuma, mahali wanapofanyia mazoezi. Wakamwambia apige uwanjani Jumamosi saa nane mchana, na jina la komanda wao litajwe ndani ya wimbo. Olive akajibu kwamba yeye hatupi libanga, yaani hatii jina la mkubwa katika wimbo ili atunzwe. Tangu hapo hakuna aliyemwona. Na siku ninayoisimulia ndiyo Jumamosi yenyewe, saa tatu asubuhi.

— Mi nasema alishavuka mupaka, alianza Turbo.

Turbo anaendesha taksi ya pikipiki. Kila habari anaijua kwa sababu ilipanda nyuma yake.

— Kuna motari mwenzangu alipeleka binti mumoja mpaka barrière, Ijumaa asubuhi. Binti alikuwa na kitu kirefu mu kitambaa.

— Kitu kirefu gani? nikamuuliza.

— Kirefu. Gitare si ni kirefu?

— Olive hapigaki gitare, alisema Mama Kasoki huku akimimina. Anashika mikro. Mikro inaenea mu mufuko.

— Basi alikuwa anamubebea mwenzake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tulingoja aeleze methali hiyo imeingiaje. Hakueleza.

Magistra aliinua kidole. Anauza mega za simu chini ya mwavuli na hajawahi kuingia mahakamani, lakini kidole chake huinuka kabla ya kila hukumu.

— Hiyo dosie ninaifunga. Ku barrière banaangalia majina, hawezi kupita. Olive iko hapa hapa mu muji. Alikubali. Bamemuweka mu hoteli kule ziwani, banamupatia asali ju ya koo, anajifunza kutamka jina ya komanda vizuri. Libanga hakuna mwanamuziki anakataaka. Mukubwa anakuambia, nitaje mu wimbo, unamutaja, anakutunza. Iko vile tangu baba zetu. Mwanamuziki wa kukataa libanga ni sawa pasteri wa kukataa sadaka.

— Na yule tajiri wa magari ya mizigo mwaka jana? nikamuuliza. Si alikuja mwenyewe hadi atelye?

— Olive alimukatalia, alisema Mama Kasoki. Akamuambia, papa, ukitaka kusikia jina yako, uite mutoto wako akuite.

— Ndiyo, njo pale sasa, alisema Magistra. Mutu hanywi bière. Havuti. Hatupi libanga. Konseri anaifungua saa nane ya muchana, eti babinti bafike kwabo mbele ya giza. Bakimbizi ba Mugunga banaingia bure. Mutu mwenye hana kosa hata moja, ujue ameficha moja kubwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo ni methali ya kulea watoto, nikasema polepole.

— Kwani Olive si mutoto wa mutu, Mwalimu?

Muzee Sebahire hakuwa amesema kitu bado. Tunamwita Volkano. Mlima umemtoa nyumbani mara mbili, na tangu mara ya pili huweka glasi ya maji juu ya jiwe, mbele ya miguu yake, aone kama yanatikisika.

— Munatafuta chini, alisema. Mutafute juu.

— Juu wapi, muzee?

— Ku mulima. Mwaka 2021, ile Jumamosi ya mwezi wa tano, bale batoto balikuwa atelye banapiga. Saa kumi na mbili bakamaliza. Saa moja mulima ukapasuka. Nani alihesabu? Mimi nilihesabu.

— Siku ile kila mutu alikuwa anafanya kitu, alisema Turbo. Mimi nilikuwa nanyolewa.

— Kunyolewa hakuna kelele. Sikia. Nilimuuliza Olive siku moja, binti yangu, hii sauti ulisomea kwa nani? Akaniambia kuna muzungu wa ONG, bale ba misaada, aliangushaka flashi ya muziki mu kiti ya motari.

— Kiti yangu hiyo, alisema Turbo na kujiweka sawa. Nilifikiri ni picha za ndoa. Kumbe ni batu banagombana mu Kingereza, dakika moja moja. Nikamupa Olive, ju hakuna mwengine angetaka.

— Akaniambia ile flashi ilimuonyesha tu kwamba kupaza sauti vile inaruhusiwa. Sauti yenyewe aliitoa kwa bamama benye balikuwa banaita batoto babo ku barabara ya Sake, siku ile tulikimbia. Na kwa mulima. Bakubwa bapya bameelewa. Huyu binti akilia vya kutosha, mulima unaamka. Bamemupandisha kule juu sawa bunduki.

Maji ya glasi yalitikisika. Lilikuwa lori la mchanga linapita barabara kubwa, sote tulilisikia, lakini tuliyatazama yale maji mpaka yakatulia.

Turbo hakupenda kuachwa nyuma.

— Ama bamemushusha ziwani. Chini kabisa, kwenye ile gaz inalalaka chini ya maji. Kule bamejenga nyumba ya chuma, sous-marin. Unalia mpaka kesho, samaki tu njo banasikia.

— Sambaza, alisema Mama Kasoki. Samaki ya kule ni sambaza.

— Sambaza basi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alihukumu Magistra, na hakuna aliyekata rufaa.

Ndipo gari liliposhuka avenyu. Ni pikapu isiyo na namba, vijana sita wamekaa nyuma, midomo ya bunduki ikitazama nje. Lilipofika kwenye mlango wa kijani lilipunguza mwendo. Turbo alianza kusifu kahawa kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayesoma mbele ya mkaguzi. Magistra alihesabu vocha zake. Mimi nilitazama viatu vyangu. Dereva alitupa sigara dirishani, gari likaendelea kushuka, likatupita, likakata kona.

Mama Kasoki alilifuata gari kwa macho mpaka vumbi lake likatua.

— Ni ule wimbo wa majina njo umeleta yote, alisema Mama Kasoki mwishowe, chini chini.

Wimbo huo unaitwa Appel, yaani kuita majina kama darasani, na lazima nikiri kwamba sehemu yake imetoka kwangu. Mlima ulipopasuka mwaka 2021 na watu wakaelekea Sake kwa miguu, Olive alinikuta nimesimama kando ya barabara na daftari la darasa, naita majina ya wanafunzi wangu. Aliyekuwepo alijibu. Asiyejibu, nilinyamaza kidogo ndipo nikaita mwingine. Olive akabeba kitu hicho. Katika wimbo anaita watu wa avenyu yetu, nyumba kwa nyumba, jina moja pigo moja, na mwenye jina anajibu kutoka kwenye umati: Présent, nipo. Kwa jina la mtu aliyepotea, ngoma inanyamaza pigo moja zima.

— Mimi niko wa pili mule, alisema Magistra. Nyuma ya Kasoki.

— Na hukumupatia hata kikombe ya kahawa, alisema Turbo.

— Njo maana nasema haeleweki. Anatupa libanga bure kwa muuza mega, halafu anamunyima komanda.

— Haikuwa libanga, nikasema.

— Mwalimu, komanda angejua aje? alijibu Magistra. Alisikia majina inapigwa kelele, watu banaitika. Aliuliza ku soko, huyu Kasoki ni boss wa nini?

Mama Kasoki alicheka kidogo, kisha akaacha.

— Boss wa termosi, alisema. Na hiyo imeshaisha.

Alizitikisa zote mbili. Moja ilikuwa kimya. Nyingine ilitoa sauti ya kikombe kimoja.

Kikombe hicho kilikwenda kwa mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, amebeba gunia la makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Alilishusha, akatusalimu mmoja mmoja, akasema jina lake ni Léoncie na ametoka upande wa Mugunga kwa miguu.

— Natafuta binti mwenye anaita majina, alisema. Mutoto yangu Igiraneza alipotelea barabarani, vita ilipofika Masisi. Olive anamuitaka mu wimbo. Pale ngoma inanyamazaka, ni yeye. Kila konseri nakuja kusikia. Leo banasema iko ya wakubwa uwanjani, nikasema nipite kwanza kumuona. Kwake ni wapi?

— Ule mulango wa kijani, alisema Turbo.

— Iko ndani?

— Hatujui, mama. Tangu Alhamisi tuko tunatafuta.

Léoncie alitazama mlango. Akatutazama sisi, ubao wetu, vikombe vyetu, glasi ya Volkano.

— Nani alienda kugonga?

Kidole cha Magistra kiliinuka nusu, kikarudi gotini. Turbo alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kwamba anayeonekana mlangoni kwa mtu anayetafutwa huandikwa orodhani pamoja naye, jambo ambalo sote tulilijua na ambalo hakuna aliyelitaja kwa siku mbili, tulipokuwa tukijaza ziwa na mlima kwa maneno. Volkano aliinamia maji yake. Nami, niliyemfundisha Olive kuandika jina lake, nilitazama tena viatu vyangu.

Mwanamke yule hakusubiri. Alikunywa kahawa yake yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaanza kupanda.

Nilizihesabu hatua zake. Ya kumi na tano, Mama Kasoki alisimama na kufunga kitenge. Ya ishirini, nilisimama mimi. Nyuma yangu nilisikia ubao ukilia, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani, kwa kuwa ubao ule haulii hivyo isipokuwa wote wameondoka.

Léoncie aligonga mara tatu kwa kiganja. Hakukuwa na jibu. Aligonga tena. Kule chini kwenye kona tulisikia injini ya gari, ikapita mbali.

Nikasogea. Nikatumia sauti ya darasani, maana sikuwa na nyingine iliyobaki.

— Kanyere Olive.

Kimya. Pigo moja zima, labda zaidi.

Halafu komeo likasogea ndani, mlango ukafunguka kiasi cha uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na kitambaa kilikuwa kimefungwa shingoni.

— Présente, Mwalimu, alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Akaangalia nyuma yangu, kwa Turbo.

— Sous-marin, papa Turbo?

Turbo akavua kofia.

— Ulisikia?

— Ukisema weye, nani hasikii? Nimesikia yote. Hoteli, asali, mulima. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mulango na nasema, wa kwanza kugonga, nitajua niko na batu ama niko mwenyewe. Jana mulikunywa termosi mbili. Leo nikasema basi, itakuwa bale ba pikapu.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi kwetu angesema kwa hasira. Alimshika Léoncie mkono, akauacha mkono huo ndani ya wake.

— Wenzangu bako kwa mujomba, banangoja neno yangu. Nisipoenda, bale ba bunduki batakuja hapa. Nikienda, sitataja mutu kwa kumusifu, hiyo sitafanya. Nitapiga Appel vile iko, na majina yenye imo. Lakini bunduki ikiwa mbele na mimi niite, mukinyamaza, ngoma itasema mulishakufa. Nikiita, mutajibu?

Magistra alitazama mwavuli wake kule chini. Volkano alikohoa. Ilikuwa saa nne kasoro, na jua lilikuwa limeanza kupiga bati.

— Kahawa ya leo imeisha, sitapika ingine, alisema Mama Kasoki. Ili nifike uwanjani mapema.

Sisi wengine tulibaki mlangoni tu, hakuna aliyeshuka kurudi kwenye ubao.

Yaliyotokea saa nane nitayasimulia kwa anayeuliza, lakini si hayo ninayokuomba uyashike. Nakuomba ukumbuke kitu kimoja kidogo, kama nilivyokuwa nikiwaomba watoto kabla ya kengele: kutoka ubao wetu hadi mlango ule ni hatua arobaini, na sisi tulizitembea kwa siku mbili. Tafadhali, leo ukiinuka kijiweni kwako, hesabu nawe hatua zako hadi kwenye mlango ambao hujaugonga.