Muzee Habarurema na Mukaguzi Aliyejiita Passant

Kabla ya sifa za ukurasa huu wa kumuaga Muzee, niseme jambo ambalo sijamwambia mutu yeyote: yule Passant aliyemchelewesha Muzee Habarurema wiki sita ni mimi, Igihozo, stagiaire, mwanafunzi wa kazi, wa chumba cha nyuma.

Muzee anastaafu tarehe 31 Desemba 2024, baada ya miaka ishirini na tatu kwenye kituo chetu cha rekodi za wagonjwa, hapa Katindo. Alikuwa bado mugeni kazini volkano iliposhuka mjini, 2002. Alitoka na kompyuta mgongoni, imefungwa kwa kitenge. Watu wakampa pole wakidhani amebeba mutoto mugonjwa. Waasi wamekuja, wameenda, wamerudi; yeye huuliza tu kama courant, umeme, iko.

Mwaka 2021 mlima uliwaka tena, tukakimbilia Sake, rekodi zikabaki bila mutu. Aliporudi alisema zisikae tena mahali ambapo lava inajua njia. Ziende kwenye wingu, yaani mashine za mbali. Lakini programu huria inayosimika mfumo wetu kwenye mashine haikujua kuongea na wingu jipya tulilopata. Muzee akaamua kuifundisha, iwe kazi yake ya mwisho, na akamchagua Béata, mwenzangu wa kazi, amsaidie.

Nilitaka anichague mimi. Béata anamwita Papa, naye Muzee anamkatia nusu ya muhindi wake wa kuchoma. Wivu ukanisukuma kwenye kompyuta.

Kwenye programu huria, mutu yeyote mtandaoni anaruhusiwa kukosoa kazi kabla wenye programu hawajaipokea. Nikajipa jina la Passant, yaani mpita njia, nikakosoa kwa Kifaransa kikali, mara kumi na moja. Courant ikikatika katikati, mashine itaendelea kutoka wapi? Mbona nenosiri linaonekana? Makosa yalikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonifurahisha. Béata alilia. Muzee, aliyepaswa kuaga Oktoba, akakataa kuondoka kabla kazi haijapokelewa.

Kazi ilipokelewa mwanzo wa Desemba. Siku ya kuhamisha rekodi, courant ilikatika kweli. Iliporudi, mashine ikaendelea pale ilipoachia. Hakuna mugonjwa aliyepotea. Muzee akatuambia kwenye kikao: “Huyo Passant ana roho mbaya, lakini amesoma kila mustari. Ningemjua, ningemwachia kiti changu.”

Kiti amepewa Béata. Anakistahili, naandika hivyo na bado inaniuma.

Asante, Muzee. Ukapumzike vizuri kwako Ndosho, maharagwe yaote hata kati ya mawe meusi, na simu ya kazi isikuamshe tena.

Nasikia kandambili zako kwenye korido. Unakuja kusoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Nilikuwa nimeufunika kwa daftari. Nimeliondoa.