Miaka Thelathini na Miwili ya Kumvisha Simba

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1994, Bi. Tak Geum-nyeo atakabidhi funguo za chumba cha mavazi cha Ukumbi wa Cheongpa, hapa Sokcho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Anastaafu na sindano ileile aliyokuja nayo siku ya kuajiriwa, au ndivyo anavyodai.

Alianza kama mshonaji wa mapazia. Siku zile ukumbi ulikuwa na paa la bati, na mvua ikinyesha mwimbaji hakusikika hata na mpiga ngoma wake. Kutoka mapazia alipanda kuwa mtunza mavazi, kisha msimamizi wa jukwaa, lakini sindano hakuiacha. Waigizaji wakubwa kutoka Seoul walimwogopa kuliko walivyoyaogopa magazeti. Mmoja wao alipolalamika kwamba vazi lake limepungua, Bi. Tak alimjibu kwa upole kwamba vazi halikula chakula cha jioni.

Kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi, hata hivyo, hakuajiriwa kuifanya. Ni yeye aliyeanzisha Usiku wa Sanaa, ambao kila Oktoba huyachangia Makao ya Watoto ya Haesong, kule kilimani nyuma ya soko. Alikuwa amewaona watoto wa Makao wakichungulia mazoezi dirishani, vidole vimewafa ganzi kwa baridi. Akawafungulia mlango, kisha akaanza kugonga milango ya watu wengine. Wavuvi walikuja kuimba, walimu wakacheza michezo ya kuigiza, na akina mama wa sokoni wakauza ngisi waliojazwa wali mlangoni.

Mwaka wa 1971 usiku huo nusura ufe. Mwenyekiti wa wafadhili alikuwa Mzee Pyo, mwenye kiwanda cha kukausha ngisi, mtu mkarimu ambaye sehemu kubwa ya mkaa wa Makao ilitoka kwake. Mwaka ule alitoa sharti. Watoto wapangwe jukwaani, wapige magoti na kugusisha paji la uso sakafuni mbele ya wafadhili, kwa kuwa watu hupenda kuona fedha zao zinakwenda wapi. Bila hivyo, kamati itafute mkaa kwingine. Majira ya baridi yalikuwa yamekaribia na ghala la Makao lilikuwa karibu tupu.

Bi. Tak hakukubali wala hakukataa. Alimhakikishia tu kwamba wafadhili watainamiwa, tena ipasavyo.

Kesho yake alivuka mfereji kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, akaja mtaani kwetu. Sisi wa mtaa ule tulitoka Bukcheong, kaskazini, tukidhani tutakaa miezi michache mpaka vita viishe, lakini njia ya kurudi ikafungwa. Tulikuwa tumemleta simba wetu katika kumbukumbu, tukamtengeneza upya huku: kichwa cha ubao, mwili wa gunia lenye nywele za nyuzi za rangi, na watu wawili ndani yake. Nyumbani, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka ulipochomoza, simba huyo alipita mlango kwa mlango akifukuza mikosi, na watu wakatoa mchele wa kusaidia shule na wasiojiweza. Simba akikuinamia, nawe huinuka ukamwinamia. Na mtoto akipandishwa mgongoni mwake, huombewa maisha marefu.

Bi. Tak aliomba simba huyo abebwe na watoto wawili wa Makao. Wazee walikataa. Hakuwahi kubebwa na mtu asiyezaliwa Bukcheong, sembuse watoto, na mmoja wao msichana. Mzee Ma, kiongozi wa ngoma, alimweleza kwamba simba ndiye kitu pekee cha nyumbani tulichobaki nacho.

"Hawa nao hawana nyumbani pa kurudi, baba," alisema Bi. Tak. "Wapeni nafasi humo ndani."

Mzee Ma alianza kuutafuta mtemba wake, akautafuta kwa muda mrefu, nao ulikuwa mdomoni. Mazoezi yalianza juma lilelile, kwenye banda la nyavu.

Panya walikula sikio la kushoto la simba siku chache kabla ya onyesho. Bi. Tak alikata pindo la blanketi lake la arusi akashona sikio jingine, na mpaka leo ni jekundu kuliko la pili. Wageni hudhani ndiyo mila ya Bukcheong, nasi tumechoka kukanusha.

Usiku ulipofika, watoto wengine wa Makao aliwakalisha huku na huku kati ya familia za mjini, wamevaa nguo za kawaida. Filimbi za mwanzi zililia, simba akaingia, akacheza akayumba kidogo kwenye kona, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mzee Pyo. Akapiga magoti. Kichwa cha ubao kikagusa sakafu.

Ukumbi mzima ulisubiri. Mzee Pyo aliinuka, akavuta koti lake vizuri, akainama mpaka kiunoni. Halafu akamwita mjukuu wake apandishwe mgongoni mwa simba.

Onyesho lilipokwisha alimfuata Bi. Tak, akataka kujua watoto yatima wako wapi.

"Wamo humu ukumbini, Mzee. Ukiweza kuwatofautisha na wajukuu wako, nitawapandisha jukwaani sasa hivi."

Mzee Pyo alitazama safu baada ya safu. Mwishowe akauliza mkaa uletwe Jumatatu au Jumanne.

Tangu mwaka ule simba hubebwa na watoto wa Makao, na sheria ya Bi. Tak ni moja: waliomo ndani hawatajwi. Amewapandisha mgongoni watoto wa mji huu wasiohesabika, lakini yeye mwenyewe hajawahi kukaa pale. Kila akiambiwa, husema ana pindo la kumalizia.

Siku ya kumuaga, baada ya hotuba, simba atakuja mpaka kwenye kiti chake. Sheria tunaiheshimu, kwa hiyo waliomo ndani hatutawataja. Tutasema tu kwamba wametoka mbali kuja, na kwamba mabega yao yamepanuka sana tangu mwaka 1971.

Bi. Tak, ahsante kwa yote. Pindo litamaliziwa na wengine. Panda, na maisha yako yawe marefu.