Nne za Kuvuta Pumzi

Basi la hoteli lilipokaribia bandari ya Galveston, meli ya watalii ilijaza kioo kizima cha mbele. Kwenye kiti cha mbele yangu, Wendell, jitu la miraba minne, alikuwa anahema. "Moyo unataka kupasuka, mama. Hofu ikinishika huko baharini nitashukia wapi?"

"Hushuki," alimkatiza Bi Loretta aliyeketi kando yake, aliyejuana naye humo humo ndani ya basi. "Vuta pumzi, hesabu nne. Itoe polepole. Hofu haiui, kijana! Na acha kuikodolea meli macho kama umemwona mama mkwe."

Wendell akahesabu. Nami nikahesabu, ingawa hakuna aliyenituma.

Basi likasimama. Wendell akainuka. "Twende, mama."

"Tangulia."

Dereva alishusha masanduku yote, la Bi Loretta hakuligusa. "Mwaka huu pia nikurudishe hotelini, bibi?"