Mwili Uliokataa Kunyamaza

Benchi liko kati ya kibanda cha kinyozi na chumba cha fundi cherehani, na kahawa humiminwa hapo kabla kazi hazijachanganya. Asubuhi hiyo Fundi, mwenye cherehani, alirudi kukaa kwa mara ya kwanza tangu amzike bintiye, mwalimu wa chekechea, aliyeondoka kwa homa ya siku tisa. Wenzake walimpa pole, kisha midomo ikawawasha.

— Wale wadudu wa homa walikuwa sugu, alisema Kinyozi. Dawa za siku hizi unga mtupu.

— Unga wapi, akadakia fundi viatu, waliyemwita Profesa. Hii minara ya simu inachemsha damu za watu.

— Basi sote tungekuwa supu.

Fundi hakuwa na nguvu ya kuwakasirikia.

— Wadudu waliisha siku ya tano, alisema. Daktari alinionyesha majibu. Anasema chembe za mwili zinapigiana kelele kuitana vitani. Kila chembe ina kitu kama sikio. Ikishasikia, inatengeneza yenyewe kizuizi cha kuliziba, na sikio lenyewe linavutwa ndani, linasagwa. Ndipo kelele zinakatika, homa inashuka. Kwa mwanangu hazikukatika. Kinga yake mwenyewe ndiyo iliyomharibia mapafu.

— Sasa kizuizi kiligoma kwa nini? aliuliza Profesa, sauti imeshuka.

— Daktari mwenyewe hajui. Walimpa dawa ya kuzituliza. Maji yalikuwa yameshafika shingoni.

— Labda ungemuwahisha...

— Nilimuwahisha.

Profesa akainamisha kichwa. Hapo akatokea mkwe wa Fundi, mume wa marehemu, begi begani, viatu vina udongo mwekundu wa makaburini. Alikuwa mbali kikazi, mazishi hakuyawahi.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

Kijana hakukaa.

— Baba, aliniulizia?

Fundi alikumbuka kioo cha wodi, na bintiye ng'ambo ya pili, mpira wa kupumulia mdomoni. Mara moja kidole chake kilitembea juu ya shuka. Kama kilikuwa kinaandika au kinatetemeka tu, hakujua, na hakuna aliyemruhusu aingie kuuliza.

Kinyozi akatazama barabarani. Fundi akainuka, akamvua mkwewe begi, akamshika mkono, wakakaa.